Kofia ya Jaladani

Nianze na wivu, kwa sababu Saadiya amesema nisipouweka huo mbele hatoniruhusu kuandika mengine. Basi ndiyo, nilimwonea wivu. Nilimwonea wivu mpaka chakula kikawa hakipiti kooni, na mimi ni mtu wa miaka hamsini na saba, nina wajukuu saba na hija nimeshakwenda. Atakayesoma hapa akasema bibi mzima haoni haya, ajue kuwa na mimi nimeshajiambia hayo kabla yake.

Saadiya ninayemsema ni yule wa Mpendae, mke wa Mzee Mudrik, nyumba yenye mlango wa kijani inayotazamana na yangu. Amezaliwa Bububu, kando ya barabara, na kushona kofia alifundishwa na shangazi yake angali mtoto wa skuli. Ni mtu wa mzaha. Ukipita mbele yake na viatu vipya atakuuliza kama umewahi kuvijulisha njia. Kunong'ona hajui, na siri ya mtu haimkai zaidi ya siku mbili; ukitaka mtaa mzima ujue jambo, mwambie Saadiya asimwambie mtu. Ana watoto watano na wote wamechukua ulimi wake.

Mimi ni Wanu, wa Paje. Nilikuja mjini na umri wa miaka ishirini na nne, nimeolewa na marehemu Ubwa, fundi wa kujenga. Nilikuja na vidole vilivyochanikachanika kwa kamba za mwani, na wanawake wa mtaani walipokuwa wakishona barazani mimi niliificha mikono yangu ndani ya kanga. Saadiya ndiye aliyenivuta nikae. Alinipa kitambaa kibovu na sindano, akaniambia nitoboe mpaka nichoke, halafu akaniambia nitoboe tena. Mwaka wa pili nikawa nashona naye. Siwezi kusema kwamba kuna kitu ninachokijua kwenye kofia ambacho hakikutoka kwake, na hilo pia ni sehemu ya wivu wenyewe.

Kofia ya mkono ina vipande viwili, duara la juu na mkanda wa ubavuni. Vyote hutobolewa matundu madogo kwa sindano nene, na kila tundu huzungushiwa uzi mpaka kingo zikakaza. Hayo matundu ndiyo yanayotoa ua. Peke yako utakaa na kofia moja miezi mitatu, kwa hivyo sisi tuligawana: duara la Saadiya, ubavu wangu, na mimi ndiye niliyeviunga vipande mwisho, nikaifua kofia, nikaitia wanga na kuianika juu ya sufuria iliyopinduliwa. Ua linaanzia juu, ubavu unafuata. Mwenye duka akipewa kofia huinyanyua kwenye mwanga akaangalia duara kwanza. Msikitini mtu akiwa amekaa, aliyesimama nyuma yake anaona duara. Kwa hivyo kofia zetu mji mzima uliziita kofia za Saadiya. Miaka thelathini sikusikia hata mtu mmoja akisema kofia za Saadiya na Wanu, na jina langu si refu.

Nilikuwa nikicheka nao. Hitesh, mwenye duka la kanzu na kofia Mchangani, ambaye ndiye tuliyemshonea miaka yote hiyo, akituona tunaingia alikuwa akisema, "Karibu Bi Saadiya," halafu, "Na wewe karibu, mama." Na mimi nacheka.

Sasa lije jambo lenyewe. Miaka minne nyuma macho ya Saadiya yalianza kwenda. Presha ya macho, daktari alisema, na akasema wazi kuwa lililokwisha kuondoka halirudi, dawa ni ya kulinda lililobaki. Saadiya aliitia mzaha, akasema afadhali sasa hatoona uso wangu asubuhi. Akaendelea kushona. Aliniletea duara lake la kwanza baada ya maradhi yale, amelikunja vizuri kama kawaida yake, nikaingia nalo ndani nikalifungua. Matundu yalikuwa yamelala upande. Mengine makubwa, mengine yameziba kabisa, na lile ua lake la majani manane lilikuwa na majani manane ndiyo, lakini mawili yamepandana.

Kwa sisi washonaji, kufumua kazi ya mwenzio aliye hai ni tusi kubwa. Ukiona kosa unamwambia, anafumua mwenyewe. Wapo wanawake waliokatana usemi mpaka kaburini kwa sababu mmoja alikata uzi wa mwenzake. Mimi nililijua hilo, na nikachukua wembe nikafumua. Asubuhi nikishafagia, mlango nimeufunga, nilikaa nikafumua tundu moja moja, kisha nikalishona duara zima upya kwa mkono wangu. Nikamwambia Saadiya nimechelewa kwa sababu ya mgongo. Lililofuata nikafanya vivyo hivyo, na lililofuata. Miaka minne. Hitesh hakuona tofauti, na kofia zikaendelea kuitwa za Saadiya.

Nilikuwa nikijiambia kuwa namsitiri. Na kweli nilimsitiri, sikatai. Lakini nikiwa naandika niandike yote: mara ya kwanza nilipomaliza duara lile nikalinyanyua dirishani, nikaona halina tofauti na la Saadiya wa zamani, nilifurahi. Sikufurahi kwa ajili yake. Nilifurahi kwamba mkono wangu umeweza kukaa pale ulipokaa wake, na yeye macho hayapo ya kuniondoa.

Basi mwaka jana, alasiri moja, akatokea Mwanakheir. Ni msichana wa Malindi, wa miaka thelathini na kidogo, amesoma bara akarudi. Alitukuta barazani akatuamkia shikamoo, akasema yeye na wenzake wanaanzisha jarida na wanataka kuandika habari za watu wa kawaida wenye kazi zao. Alianza na mimi, kwa kuwa nilikuwa karibu na njia. Mimi nikamdhania ni wale wa karatasi za maswali, wanaokuuliza una kuku wangapi na choo chako kikoje, halafu usiwaone tena. Nikamjibu neno moja moja, macho kwenye sindano. Saadiya ndiye aliyesema karibu mwanangu, kaa, umekunywa chai? Walizungumza mpaka maghribi. Wiki ya pili akaja na mpiga picha, Yussuf, na wakaiazima kofia tuliyokuwa tumeimaliza juzi yake.

Jarida lilizinduliwa mwezi wa tano, Kiponda, ghorofani kwenye nyumba ya zamani ambayo mwenyewe amewaachia ukumbi. Viti arubaini, vingine vya plastiki, na watu wengine wamesimama ngazini. Mwanakheir alisimama akaeleza. Jarida linaitwa Daka, alisema, kwa sababu daka ni pale ndani ya mlango wa nyumba zetu za kizamani, mgeni anapokaa akazungumza kabla hajaingizwa ndani na kabla hajafukuzwa. Ni jarida dogo. Halina chama nyuma yake, halina hoteli, halina mfadhili. Lina yeye, Yussuf na marafiki wanaoandika bure, na litatoka mara nne kwa mwaka wakijaaliwa. Litakuwa na sanaa, utamaduni na fikra. Fikra alizitaja mara mbili. Alisema watu wengi hupenda kututazama tukicheza ngoma na kupika, ila hawapendi kutusikiliza tukifikiri.

Yalikuwa maneno mazuri, nimeyajua uzuri wake baadaye. Wakati ule sikuwa nasikia kitu, kwa sababu walikuwa wameshagawa majarida na langu lilikuwa mapajani. Jaladani ilikuwa kofia. Waliipiga picha kutoka juu, kwa hivyo ubavu hauonekani hata kidogo, ni duara tu limejaa ukurasa, na kila tundu lina kivuli chake. Chini wameandika: Mikono ya Bi Saadiya.

Kila tundu la duara lile nilikuwa nikilijua. Kulikuwa na moja, upande wa kushoto, nililolishona siku niliyokuwa na homa, na bado lilikuwa zuri.

Mwanakheir akasoma kipande cha makala. Alisoma habari za Bububu na za shangazi, watu wakacheka kwa maneno ya Saadiya, halafu akasoma kwamba Bi Saadiya, ingawa macho yake yamepungua nuru, bado anashona kwa vidole vinavyokumbuka. Watu walipiga makofi. Kuna mwanamke mbele yangu alitoa leso akafuta machozi. Na mimi nilikuwamo humo, ukurasa wa kumi na moja, nimeitwa "jirani mmoja anayemsaidia".

Nilimtazama Saadiya. Alikuwa amekaa safu ya mbele, ameinamisha kichwa, akaomba maji. Nikajisemea, tazama anavyojua kujitia unyenyekevu. Walipomwita asimame alisimama akasema ahsanteni, akakaa. Mtu ambaye akipewa nafasi ya kuzungumza huichukua na ya mwenziwe, siku ile alisema neno moja. Mimi nikaliita kiburi. Tulirudi Mpendae kwa gari ya mwanawe, sikumsemesha, na yeye hakunisemesha.

Miezi ile nilikuwa mbaya. Majirani wakija kumpa hongera nilikuwa nikiingia ndani. Watoto wa skuli wakaletwa na mwalimu wao kumwangalia akishona, wakakaa kwenye baraza yangu, mikeka yangu, wakinipa mgongo. Jarida nilikuwa nalo chini ya godoro na nilikuwa nikilitoa kila siku kuliangalia lile duara, halafu nikilirudisha kwa hasira. Nilitaka Saadiya aseme. Tukiwa wawili tu, aseme, "Wanu, ile kazi yako." Nilijua hawezi kusema asilolijua, lakini nilimkasirikia kwa kutolijua. Alikuwa akivaa sifa zangu na hata hajui kuwa si zake.

Halafu Hitesh akaleta habari kwamba kuna bwana mmoja amelisoma Daka, anataka kofia ya arusi ya mwanawe, na anataka iwe ya mikono ile ile ya jaladani. Alitamka hivyo hivyo. Saadiya akachora ua, akashona duara wiki saba, akaniletea.

Nililifungua. Lilikuwa baya kuliko yote, macho yameshazidi. Nikachukua wembe kama ada yangu, na nikaurudisha kabatini. Nikasema moyoni: mikono ya Bi Saadiya wameitaka, na waipate. Nikashona ubavu mzuri kuliko wote niliowahi kushona maishani. Nikauunga na duara lile, nikafua, nikatia wanga, nikakausha. Nilijua ninachokifanya. Sina la kusema kwamba shetani alinipitia. Nilikuwa peke yangu.

Jumamosi tukaenda Mchangani pamoja, kama siku zote, nimemshika mkono kwenye vichochoro. Hitesh alikuwa amelibandika jalada la Daka ukutani nyuma ya meza yake. Nilitoa kofia kwenye mfuko nikampa, na nikarudi nyuma hatua moja.

Akainyanyua. Akaiangalia, akaenda nayo mlangoni kwenye mwanga, akaigeuza. Hitesh ni mtu wa adabu. Alinitazama mimi, halafu akaanza, kwa sauti ndogo, kumwambia Bi Saadiya kwamba hii, labda, pengine kwa haraka ya arusi. Hakumaliza. Saadiya alinyoosha mkono akasema nipe.

Aliishika. Akapitisha kidole juu ya duara, kuanzia katikati, taratibu, tundu kwa tundu, akafika kwenye yale majani yaliyopandana akasita, akarudi, akapita tena. Nilikuwa nikingoja aibu imshuke usoni. Nilikuja kwa ajili ya hiyo. Badala yake akakaa kwenye kigoda cha wateja akaiweka kofia mapajani na kuifunika kwa viganja viwili.

"Hii haiuzwi, Hitesh bhai," alisema. "Hii yangu."

Hitesh akaenda zake nyuma ya duka kutafuta kitu ambacho hakikuwepo. Tulibaki wawili.

"Mwenzangu," Saadiya akanambia, "miaka mine umenfumua, nkanyamaza."

Yeye akaendelea, taratibu, bila ya hasira, na sauti ndogo ambayo sikuijua kama anayo. Alisema vidole vyake havijapofuka. Duara la kwanza nililomrudishia likiwa limekwisha kuungwa alilishika akajua kuwa si lake, kwa kuwa mimi navuta uzi mara mbili mwisho wa tundu na yeye huvuta mara moja. Alilia siku nzima. Alitaka kuja kunitolea maneno, kisha akafikiri kwamba akinitolea, basi kushona kumekwisha, na barazani pia kumekwisha. Akangoja nichoke. Saadiya, ambaye siri haimkai siku mbili, alikaa na hii miaka minne. Siku ya Kiponda, alisema, kila walipopiga makofi alitamani sakafu impokee. Alikuwa amemwambia Mwanakheir aniandike na mimi, jina kamili. Mwanakheir akamjibu kuwa alijaribu na Bi Wanu hakutaka kusema naye.

"Na hii hukuifumua kwa nini?" akaniuliza.

Ningeweza kusema mgongo. "Wivu," nikamwambia. "Nlitaka uaibike mbele za watu."

Akatikisa kichwa polepole, kidole bado kiko kwenye yale majani mawili.

"Basi wivu wako una kheri kuliko huruma yako," alisema. "Wivu wako umenrejeshea kazi yangu."

Tulirudi nyumbani nimemshika mkono vile vile, kwa kuwa njia bado haioni. Wiki ile ile alimwita Mwanakheir akamweleza kila kitu, kuanzia wembe mpaka Hitesh. Maskini mtoto yule alitaka kuchapisha tangazo la kuomba radhi. Saadiya akamkatalia, akasema mwache Wanu aandike mwenyewe, alisoma mpaka fomu tuu na ana mengi yamemkaa kifuani. Mwanakheir akanijia barazani na daftari jipya. Safari hii nilimkaribisha chai. Akanambia toleo la pili la Daka, lililochelewa, lina kurasa nne zisizo na mwenyewe, na nikitaka ni zangu. Kofia ya arusi niliishona mimi, duara na ubavu, na Hitesh akamweleza yule bwana ni ya nani. Alisema sawa, ni nzuri, akaichukua. Sikujisikia kama nilivyodhani nitajisikia.

Ijumaa iliyofuata nilikuwa nafagia mlangoni Mzee Mudrik akatoka kwenda msikitini. Kanzu nyeupe imepigwa pasi, na kichwani kwake ile kofia. Ubavu umenyooka, duara limelala upande, unaliona hata kutoka kwangu. Mzee Mudrik ana kofia nane nyengine kabatini, zote za miaka minne hii, na ninazijua zote. Ni mtu asiyesema sana. Nilimwamkia, na kwa kuwa ulimi wangu ulikuwa umeshazoea kusema ukweli nikamwuliza kwa nini asivae moja ya zile nzuri, watu wa safu ya nyuma watamcheka.

Alisimama akaigusa kidogo, akaiweka sawa.

"Hii kaishona mke wangu," alisema, akapita.

Alikuwa akijua naye. Nilibaki na ufagio mkononi. Marehemu Ubwa nilimshonea kofia saba, na katika saba zile tano nilizishona peke yangu, duara na ubavu, Saadiya akiwa uzazini au safarini. Alizivaa mpaka zikachakaa, na kila aliyemwuliza imetoka wapi alimjibu kwa fahari kuwa ni ya Saadiya. Nilikuwa nikimsikia kutoka dirishani, na sikumsahihisha hata siku moja.